Sura ya Zamani, Mashine ya Leo: Wasomaji Wauliza, Mafundi Wajibu

Barua za mwezi huu karibu zote zimehusu vitu vipya vyenye umbo la zamani: gramafoni za mkoba, globu za nyuzi, redio za mbao zenye Bluetooth. Tumejibu zile zenye maswali ambayo wengi wanayo. Nyingine tumezifupisha.

Swali: Shikamooni. Bibi yetu ametuachia sanduku la santuri. Kuna nzito zinazovunjika kama sahani, kuna ndogo za tundu kubwa, na chache kubwa nyepesi. Nimeona gramafoni mpya ya mkoba, sura ya miaka ya 60, ina spika ndani na Bluetooth. Je, itapiga zote? Kuna aliyeniambia mashine hizo zinakwangua santuri.
*Mjukuu, Tanga*

Jibu: Marahaba. Aliyekuambia hakukosea sana, ila maelezo yake ni nusu.

Tuanze na sanduku lenyewe. Zile nzito ni za shelaki, na nyingi huzunguka mara 78 kwa dakika. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, ndizo zilizotoka. Ndogo za tundu kubwa ni za mzunguko 45, na kubwa nyepesi ni za vinaili, mzunguko 33⅓, aina iliyoingia sokoni mwaka 1948. Hizo ni santuri za aina tatu, na hazitaki sindano moja.

Gramafoni za mkoba, hata zikiwa na majina na rangi tofauti, nyingi zina mtambo uleule ndani: mkono wa plastiki, katriji ya kauri (kile kichwa kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme) na sindano ya yakuti yenye kishikio chekundu. Mkono huo hukandamiza santuri kwa gramu 5 hadi 6, na hauna pa kuurekebisha. Katriji ya sumaku kwenye mashine ya kawaida hukandamiza gramu 1.5 hadi 2.5 tu. Ukiipiga santuri mara moja kwenye mkoba huo haifi. Inayoua ni sindano iliyochakaa. Yakuti huisha baada ya saa 40 au 50 za kupigwa, watu hawaibadilishi, na kuanzia hapo inalima mfereji. Dalili ya kwanza iko kwenye herufi "s" za mwimbaji: zinaanza kukwaruza hata kabla muziki wenyewe haujaharibika.

Kasoro ya pili ni spika kukaa sanduku moja na sindano. Ukiongeza sauti, besi inatikisa sanduku, sanduku linatikisa sindano, na mashine inavuma au kuruka. Usiweke sarafu juu ya mkono ili isiruke. Huko ni kuongeza uzito palepale penye maumivu.

Kwa santuri za kununua mtaani, ujifurahishe na mkoba huo. Kwa za bibi, ambazo huenda nakala nyingine haipo popote, usiuguse. Tafuta mashine ambayo mkono wake una uzito wa kuzungusha kwa nyuma, katriji ya sumaku inayobadilishika, na spika zinazokaa mbali. Sura ya zamani unaweza kuipata hapo pia: fremu ya mbao na mfuniko wa plastiki angavu, mtindo ambao Braun, kampuni ya Ujerumani, waliuleta mwaka 1956 kwenye mashine yao ya SK4.

Ikifika, ipange hivi. Weka mashine sehemu isiyotikisika na uhakikishe kwa pimamaji kuwa imelala sawa. Weka kirekebishi cha mvuto wa pembeni (kimeandikwa "anti-skate") kwenye sifuri. Zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe, usipande wala usishuke. Bila kuugusa uzito, zungusha pete yake ya namba isome sifuri, kisha zungusha vyote pamoja hadi kipimo kilichoandikwa na watengenezaji wa katriji. Kwa katriji ya Audio-Technica iitwayo AT-VM95E, kwa mfano, ni gramu 2.0. Namba hiyohiyo iweke kwenye kirekebishi cha mvuto wa pembeni. Mizani ndogo ya sonara inayosoma gramu 0.01 itakuhakikishia, pete za namba hudanganya kidogo.

Sasa lalamiko tunalolipata kila mara: "gramafoni mpya haina sauti, haina besi." Katriji ya sumaku hutoa milivolti 3 hadi 5 tu, na santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa makusudi ili mifereji isigongane. Kazi ya kukuza sauti na kurudisha besi ni ya kikuzaji maalumu cha gramafoni, kinachofuata kanuni ya RIAA, yaani kipimo cha pamoja cha kukata na kurudisha besi za santuri. Ukichomeka moja kwa moja kwenye AUX ya subufa utapata sauti ya mbu. Mashine nyingi mpya zina kikuzaji hicho ndani, na swichi yake iko nyuma. Ukiwa nacho ndani na kingine nje, vyote vimewashwa, sauti itapasuka. Chagua kimoja.

Kwa santuri za 78, hakikisha kwanza mashine ina mzunguko huo, maana nyingi mpya huishia 45. Halafu nunua sindano yake. Mfereji wa 78 ni mpana na unataka ncha ya mikroni 75 hivi, wakati ile ya vinaili ni mikroni 18. Ncha nyembamba hukaa chini kabisa ya mfereji wa shelaki na kuchota takataka. Jamii ya VM95 ina sindano ya 78 inayochomekwa kwenye mwili uleule wa katriji, na hiyo hukandamizwa gramu 5. Usishangae: shelaki iliumbwa kubeba uzito. Za tundu kubwa zinataka kijazio cha katikati cha kipenyo cha milimita 38.

Kusafisha: vinaili inavumilia maji yaliyotoneshwa yenye spiriti kidogo. Shelaki usiipake spiriti kamwe, inayeyuka. Tumia maji yaliyotoneshwa na tone la sabuni ya vyombo, futa kwa kitambaa laini ukifuata mviringo, epuka lebo, kausha papo hapo. Zisimamishe wima, usizilaze kwa rundo. Hapo Tanga, unyevu utaleta ukungu kwenye maganda ya karatasi, basi yabadilishe na usiziegemeze kwenye ukuta wa nje.

Swali: Ndugu yangu aliye Jeddah ananipelekea gramafoni halisi ya miaka ya 70, na rafiki ameniletea kiredio kizuri cha mtindo wa zamani kutoka Japani. Nikinunua transfoma vitafanya kazi hapa Mombasa?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Umeme wa Saudia ni wa hezi 60, wetu ni 50. Gramafoni nyingi za zama zile zinazozungushwa kwa mkanda wa mpira zina mota inayofuata hezi za umeme, kwa hiyo ya kule ikija huku huzunguka kwa kasi ya tano juu ya sita: 33⅓ inakuwa 27.8, na mwimbaji anaonekana kasinzia. Dawa ni puli ya mota ya hezi 50, yenye kipenyo kikubwa zaidi kwa asilimia 20. Kabla hajaituma, mwambie asome kibao cha nyuma: kikiandikwa 50/60 Hz, huenda puli yake ina ngazi mbili au kuna namna ya kubadilisha. Yenye mota ya umeme wa DC, au inayozungusha sahani moja kwa moja kwa kudhibitiwa na kristali, haina tatizo hilo. Ingekuwa inatoka Oman usingekuwa na swali, kwao ni hezi 50 kama kwetu.

Kiredio cha Japani kina kasoro nyingine. FM ya huko huanzia 76 na, kwa redio za zamani, huishia 90. Stesheni zetu ziko 88 hadi 108, hivyo utapata mbili tatu za chini basi. Ni ugonjwa uleule wa redio za magari yanayoshuka bandarini hapo kwenu. Kwenye gari tunafunga kibadilisha masafa; kwenye kiredio cha mezani gharama hiyo haina maana. Na umeme wa Japani ni volti 100, usikichomeke kwenye 240 hata kwa kujaribu.

Swali: Nimefungua mgahawa mdogo. Nimening'iniza globu 20 za mtindo wa zamani, zile zinazoonyesha nyuzi. Wateja wakipiga video zinakatakata, nne zimeshakufa, na mahali penyewe pana giza. Nimepigwa?
*Mama Lishe wa Kisasa, Morogoro*

Jibu: Umepigwa kidogo, na kidogo umezitwisha kazi isiyo yake.

Globu ya nyuzi ya leo ni LED. Kila "uzi" ni kijiti chenye LED ndogo nyingi zilizoungwa mfululizo na kupakwa utandu wa njano, na ndani ya kioo kuna gesi, mara nyingi heliamu, inayochukua joto la vijiti na kulipeleka kwenye kioo. Sehemu za elektroniki zote zimebanwa kwenye kitako. Hapo ndipo watengenezaji wa bei rahisi huiba: wanaacha kapasita ya kulainisha umeme, na globu inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni waziwazi, kamera inaona, na mhudumu atakayekaa chini yake siku nzima huenda akaumwa kichwa. Kabla ya kununua, iwashe dukani na uitazame kwa kamera ya simu ukiwa umeisogeza karibu. Ukiona mistari inatembea, irudishe.

Kuhusu giza: globu ya wati 4 yenye kioo cha rangi ya kahawia ya asali hutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 250 hadi 350. Ya kioo cheupe angavu, wati zilezile, hukaribia 450. Kwa meza ya chakula ile ya asali inatosha na ndiyo inayopendeza, kwa sababu mwanga wake uko kwenye kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 1800 hadi 2200, jirani ya koroboi. Kwa kaunta ya kukatia nyama na kuhesabia pesa haifai hata ukiweka kumi. Huko jikoni funga taa za kawaida za kelvini 2700 au 3000. Ukichanganya globu za asali na tyubu nyeupe ya 6500 ukumbi mmoja, tyubu itazimeza zote na utabaki na mapambo yasiyo na kazi.

Zilizokufa, tazama zilikuwa wapi. Kama ulizivalisha makopo au mitungi iliyozibwa juu, joto limeua vifaa vya kitakoni. Toboa matundu juu au tumia kivuli kilicho wazi. Soma pia maandishi ya kitako: yawe 220–240V. Na kama mgahawa una swichi ya zamani ya kupunguza mwanga, ujue nyingi zilitengenezwa kwa mzigo usiopungua wati 40 au 60. Globu tatu za LED kwenye swichi moja hazifiki hapo, ndiyo maana zinapepesa. Kuna swichi za aina hiyo zilizotengenezwa kwa LED, na globu yenyewe lazima iandikwe kwamba inakubali kupunguzwa.

Sehemu ya hatari ni holda. Kwetu holda za pini ndizo nyingi, na globu hizi nyingi ni za kuzungusha, E27. Kiunganishi cha kugeuza pini kuwa skrubu hulegea na kupata joto, afadhali ubadilishe holda yenyewe. Kwenye holda ya E27, waya wa moto uende kwenye kituo cha katikati, nyutro kwenye ganda la skrubu, na swichi ikate waya wa moto. Ukigeuza, anayebadilisha globu atagusa ganda lenye umeme. Holda ya shaba nyeupe au njano lazima iwe na ethi. Waya wa kitambaa cha kusokotwa unaopendeza, uwe wa milimita mraba 0.75 na ubanwe na kishikio ndani ya holda, uzito usining'inie kwenye skrubu za umeme. Na globu iliyopasuka kioo, hata kama bado inawaka, zima umeme uitupe: vijiti vile vinabeba umeme wa kuua.

Kwa bili uko salama. Globu 20 za wati 4 ni wati 80. Zile halisi za nyuzi za kaboni, wati 40 kila moja, zingekula 800 na kutoa mwanga hafifu kuliko huo ulio nao.

Swali: Mzee wangu ana miaka 78, macho yamepungua. Simu ya kisasa imemshinda kusikilizia redio. Nataka kumnunulia zile redio mpya zenye sura ya redio ya mbao. Niangalie nini?
*Kitinda mimba, Iringa*

Jibu: Umechagua vizuri, na sababu yake si kumbukumbu za ujana wake peke yake. Kitufe cha kuzungusha kinachofanya kazi moja tu, kikikaa mahali pamoja siku zote, mtu anakitumia gizani. Shida ni kwamba redio nyingi za sokoni zimeiga sura ya kitufe hicho na si tabia yake.

Jaribu hivi dukani. Zungusha cha sauti: kigote mwisho wa kushoto na wa kulia. Kikizunguka bila kikomo, mzee hatajua sauti iko wapi mpaka imlipukie. Zungusha cha stesheni: sindano itembee. Ndani haitakuwa kondensa kubwa ya mabamba kama ya Philips au National za zamani. Kuna chipu ndogo inayopokea mawimbi, na kitufe kinaiambia tu iende wapi. Hilo halina ubaya, mara nyingi inashika stesheni bila kuhamahama. Kisha zima na uwashe tena. Zile zinazoanza kwa kutangaza "Bluetooth mode" kwa sauti ya msichana kabla ya kurudi FM, ziache dukani.

Kama anasikiliza mawimbi ya kati au mafupi, usiamini maandishi AM/SW usoni. Mawimbi ya kati hupokelewa na kijiti cha feraiti kilicho ndani, na kwenye redio za bei ndogo kijiti hicho ni kifupi mno. Jaribu jioni, jua likishazama, ndipo masafa hayo hufunguka. Ukisikia mvumo tupu nyumbani wakati dukani ilishika, zima chaja za simu na globu za LED zilizo karibu moja baada ya nyingine. Mara nyingi adui ni chaja.

Betri: nyingi hutumia ile bapa ya BL-5C, takriban mAh 1000. Redio inayokula miliampia 100 itakwenda saa 10. Mzee aliyezoea mawe makubwa manne yaliyodumu wiki kadhaa ataona amepewa mzigo wa kuchaji. Tafuta inayokubali mawe ya saizi D pamoja na umeme, na yatolewe redio ikikaa bila kutumika, yasije yakavuja yakala springi. Mbao nayo, tazama ukingo wa nyuma: ikiwa ni picha ya mbao iliyobandikwa, mishipa yake inakatika ghafla pembeni. Sanduku la mbao au hata la ubao wa MDF hutoa besi iliyotulia kuliko plastiki nyembamba, hiyo ndiyo tofauti ya bei inayostahili kulipwa.

Swali: Nasoma ubunifu wa bidhaa. Mhadhiri anasema mtindo wa kale ni uvivu wa wabunifu. Mimi naona vijana ambao hawakuwepo enzi hizo ndio wanaonunua. Mnasemaje?
*Mwanafunzi, Nairobi*

Jibu: Mhadhiri ana haki kwa bidhaa nyingi. Lakini tazama Nissan walivyofanya. Mwaka 1987 walitoa kigari kiitwacho Be-1, magari 10,000 tu, na wanunuzi walikuwa wengi kiasi kwamba ilibidi kupiga bahati nasibu. Ikafuata Pao mwaka 1989, kisha Figaro mwaka 1991, magari 20,000. Chini yote yalikuwa Nissan March ya kawaida. Figaro ina injini ya cc 987 yenye tabo na gia otomatiki tatu, lakini umbo lake halikuiga gari lolote moja la zamani. Lilikusanya hisia za miaka ya 50 na 60 na kuzipanga upya. Kijana hahitaji kumbukumbu ili alipende, kwa sababu umbo lile linaeleweka lenyewe: taa ni taa, saa ni saa, swichi inabonyezwa ikalia. Kwenye duka ambalo kila kitu ni kioo cheusi cha mstatili, kitu kinachojieleza kinanunuliwa. New Beetle ya Volkswagen ya 1998, Mini ya 2001 na Fiat 500 ya 2007 zilipita njia hiyohiyo. New Beetle ilichukua umbo la gari lenye injini nyuma, ikaiweka injini mbele kwenye chasi ya Golf.

Upande wa muuzaji kuna hesabu baridi. Umbo ambalo tayari ni la kale halizeeki, kwa hiyo halidai kubuniwa upya kila mwaka, na linabeba bei ya juu kwa vifaa vilevile.

Uvivu unaonekana pale umbo linapobeba gharama ambayo mtumiaji hajaambiwa. Friji za mlango wa mviringo, mtindo ambao kampuni ya Smeg ya Italia waliufufua kwa friji yao ya FAB28 mwaka 1997, zina kuta nene na pembe za kuviringa, hivyo litra za ndani ni chache kuliko friji ya mraba ya upana uleule. Anayejua hilo na bado anaitaka, haki yake. Triumph, watengenezaji wa pikipiki wa Uingereza, nao walipoweka mfumo wa kupulizia mafuta kwenye pikipiki yao ya Bonneville, waliufunika kwa maganda yenye umbo la kabureta. Wengine wanauita udanganyifu. Sisi tunaona ni adabu kwa jicho, kwa kuwa pikipiki haikupoteza kitu. Ukiandika tasnifu yako, uliza kila umbo la zamani lilikuwa likifanya kazi gani, na kama kazi hiyo bado ipo.

Na ukiona Figaro kwenye mitandao ya magari ya Japani usitume pesa: Kenya haipokei gari lililotumika la zaidi ya miaka 8.

Swali: Nina Boksa, nataka niigeuze iwe na sura ya pikipiki za Kiingereza za miaka ya 60: siti bapa, taa ya mviringo, usukani wa chini. Fundi wa kuchomelea anasema ni kazi ya siku moja.
*Dereva, Mwanza*

Jibu: Kukata ni kazi ya siku moja, kaka. Kupanga ndiko kunachukua wiki.

Kabla ya msumeno, fungua shokapu za nyuma, inua tairi mpaka lifike pale litakapofika ukipita shimo, na uweke alama. Siti na madigadi vyote vikae juu ya alama hiyo kwa sentimita 3 angalau. Usikate fremu mbele ya mahali shokapu zinapofungwa juu. Bomba la kupinda la kufunga nyuma liwe na kipenyo sawa na la fremu, unene wa milimita 2 au zaidi, na ndani ya kila kiungo kiingie kipande cha bomba jembamba, sentimita 4 kila upande, kabla ya kuchomelea. Kiungo kisicho na kipande hicho hupasuka kando ya mshono. Chomoa betri na CDI (kisanduku cha elektroniki kinachoamuru cheche ya plagi) kabla fundi hajawasha mashine, vinginevyo utanunua CDI.

Taa: kwa mwili wa Boksa, kipenyo cha inchi 5¾ kinakaa vizuri. Ya inchi 7 inaifanya ionekane kichwa kitupu. Balbu ibaki wati 35/35 au LED yenye mwanga uliokatwa vizuri. Watu huweka H4 ya 60/55, magneto haiwezi, na betri inakufa taratibu bila kujua nani kaua. Indiketa ndogo za LED zitapepesa haraka mno mpaka ubadilishe rilei ya indiketa kuwa ya elektroniki.

Usukani wa chini ukishafungwa, uzungushe mwisho wa kushoto na kulia. Vidole visibanwe na tangi. Kisha washa injini, iache ikiunguruma taratibu, rudia. Mlio ukipanda ukikata kona, waya wa mafuta umevutwa. Upitishe upya kabla hujatoka getini.

Chujio la hewa la wazi tunakukataza. Mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi, injini inachemka, plagi inageuka nyeupe, itabidi upandishe jeti kuu ya kabureta hatua kwa hatua mpaka plagi irudi rangi ya kahawia. Na baada ya taabu hiyo, vumbi la barabara zetu litakula ringi. Acha sanduku la chujio mahali pake, lifiche kwa bamba la pembeni. Utepe wa kufunga eksozi nao unashika maji na kuozesha bomba.

Kama Boksa hiyo inabeba abiria, siti ya mtu mmoja inakuondolea kazi, na bima inatakiwa kuarifiwa mabadiliko. Nunua ya pili ya kuchezea.

Swali: Mwanangu yuko Minnesota, amechoka na simu janja, ananiomba nimtumie ile Nokia 3310 mpya tunayotumia hapa.
*Mama, Dodoma*

Jibu: Usimtumie, mama. Ile iliyotoka mwaka 2017 ni ya 2G kwenye masafa ya 900 na 1800, ambayo si ya Marekani, na hata toleo lake la 3G halimfai kwa kuwa mitandao mikubwa ya huko ilizima 3G mwaka 2022. Anunue kulekule simu ya batani ya 4G yenye VoLTE (uwezo wa kupiga simu kupitia 4G) iliyokubaliwa na mtandao wake. Wewe endelea na yako: pesa za simu kwa menyu ya nyota na reli zinakwenda vizuri. Ukibadilisha laini, kumbuka inachukua maikro, hivyo laini ndogo ya nano itataka fremu yake.

Swali: Vikombe vya enameli vimerudi kwa bei kubwa. Nitajuaje vya kweli?
*Mpenda chai, Lamu*

Jibu: Nenda dukani na sumaku. Enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma kwa joto la nyuzi 800 hivi, kwa hiyo sumaku itanasa. Isiponasa, mara nyingi ni melamini iliyochorwa madoadoa, na hiyo ni plastiki isiyofaa kwa chai inayochemka wala ndimu ya moto. Tazama ukingo: ufunikwe wote au uwe na pete ya chuma kisichoshika kutu, maana ndiko kutu huanzia. Usikiweke kwenye maikrowevu, na usikipashe mkaani kikiwa kitupu, kioo kitapasuka. Kikibanduka nje, tumia tu. Kikibanduka ndani, hasa ukinywa ukwaju au ndimu, kifanye cha kuwekea penseli. Vya zamani vyenye rangi nyekundu au manjano upande wa ndani usivinywee kabisa, rangi hizo mara nyingi zilitengenezwa kwa kadimiamu, metali yenye sumu.